Udongo Mweusi wa Banda la Baba

Petroli iliyokaa miaka ndani ya kabureta haibaki petroli. Inakuwa kitu kizito chenye rangi ya chai kavu, na harufu yake inakaribia ile ya vanishi kwenye jeneza jipya. Juzi nilikuwa Likasi, napita nyuma ya uwanja wa vyuma chakavu, nikaikuta harufu hiyo kabla sijaona inatoka wapi. Nikarudi nyuma. Kulikuwa na trekta dogo la bustani, la kupandwa na mtu mmoja, limelazwa ubavu, halina kiti wala magurudumu ya mbele. Nilijikuta nimepiga magoti nakwangua rangi kwa ukucha, mahali kiti kilipokuwa. Chini ya nyekundu kulikuwa na bluu, na chini ya bluu njano iliyopauka. Mlinzi akaniuliza kama nanunua. Nikasema natazama tu. Akasema hata kutazama kuna saa ya kufunga.

Tangu nilipotoka nyumbani sijakaa mahali pamoja zaidi ya miezi michache, na sina desturi ya kukumbuka. Lakini siku ile nilizunguka mji mpaka jioni nikiwa na rangi chini ya kucha, nikifikiria banda letu la mtaa wa Manika, Kolwezi, na namna tulivyolipoteza. Walio wa umri wangu wataelewa haraka. Tulikuwa watoto wakati watu wa mtaa wa Kasulo walipoanza kuchimba kobalti chini ya vitanda vyao, na Kolwezi nzima ikaanza kutazama sakafu zake.

Baba yangu alitengeneza matrekta madogo ya bustani. Nikisema hivyo mahali pengine watu wanafikiria mashamba. Sivyo. Kolwezi ina nyumba za zamani zenye majani mbele, ina shule za masista, hospitali, viwanja vya mpira, na majani yote hayo wakati mmoja yalikatwa kwa mashine zilizofika kwa treni. Wazungu wenyewe waliondoka kwa makundi, matrekta yakabaki. Yakaingia mikononi mwa mapadri, mwa walinzi, mwa watu walioyakuta ndani ya nyumba walizopewa na wasijue wayafanyie nini. Yalipokufa yaliletwa kwetu yakisukumwa, mara nyingi yakiwa bado na majani ya miaka iliyopita yamekauka chini ya tumbo.

Hakuna lililokuja na jina lake. Vibao vilikuwa vimeng'olewa au vimeliwa na kutu, na kila mwenye trekta alikuwa amelipaka rangi aliyoipata. Mwenye trekta jekundu alisema, "Ni ile nyekundu," kana kwamba amemaliza kueleza. Baba hakuamini rangi ya juu. Alikwangua chini ya kiti, kwa sababu hakuna anayekumbuka kupaka rangi chini ya kiti. Kisha alipitisha kidole kwenye chuma karibu na ekseli ya nyuma akitafuta namba zilizopigwa kwa nyundo, akizisoma kwa ngozi kama kipofu. Alitazama boneti inafunguka kwenda mbele au kwenda juu, taa ziko mbili au moja, nguvu inafika nyuma kwa mkanda au kwa mhimili wa chuma. Baada ya hapo aliomba spana.

"Leta treize," aliniambia siku moja. Namba za spana tuliziita kwa Kifaransa.

Nikaleta kumi na tatu. Akaivisha kwenye bolti, ikaingia.

"Unasikia?"

"Inaingia, Baba."

"Mwizi pia anaingiaka. Sikia vizuri. Inachezacheza. Hii bolti ni ya Amerika, bale banapimaka na inchi. Ukilazimisha na treize utamukula kichwa, na ukimukula kichwa hatatoka tena mpaka Yesu arudie."

Ndivyo nilivyojifunza kwamba dunia imepimwa mara mbili, na watu wa vipimo hivyo viwili wote walipita kwetu wakaacha vyuma vyao.

Alipokwisha kulijua trekta alilipa jina lake mwenyewe. La masista lilikuwa jeupe, lina injini ya silinda moja iliyotoa sauti ya chini sana, na kifaa kimoja kilichofanya kazi mbili, kuwasha injini na kuchaji betri. Huyo alikuwa Mère, kama masista walivyomwita mkubwa wao. Lingine halikuwa na vifuniko vya pembeni, miguu yake yote ikawa nje, tukaliita Kaputula. Kulikuwa na dizeli fupi lililozimika kila lilipopanda kilima, na hilo jina lake siwezi kuliandika, kwa sababu Baba alilitoa siku ambayo mpini wa kuwashia ulimgonga kidevu.

Magonjwa yao niliyajua kabla sijajua kusoma vizuri. Vumbi letu jekundu hupita popote, kwa hiyo chujio la hewa lilioshwa kila wiki. Majani yaliyokatwa huziba mapezi yanayopoza injini nayo ikaiva kama chungu. Trekta lililolala miezi miwili huingiwa na nyigu, wakajenga nyumba za udongo ndani ya bomba la moshi. Mwenye trekta alipoambiwa kwamba mashine yake imeuawa na nyigu, alifikiri anatukanwa.

Shida ilikuwa nyonga ya Baba. Zamani alikuwa fundi kwenye gereji kubwa ya mgodi, mpaka jeki ilipoteleza. Tangu hapo aliweza kusimama na aliweza kutembea, lakini kulala chini na kuinuka kulimchukua muda, na visu vya trekta la kukata majani viko chini. Kila jioni Mama alimkanda kwa maji ya moto. Alikuwa halalamiki. Alikuwa anapumua tu kwa namna ambayo nyumba nzima ilinyamaza.

Mwanzoni mwa mvua akaamua kuchimba fosse. Ndivyo mafundi wanavyoliita lile shimo la gereji: fundi anasimama ndani, mashine inakaa juu ya kichwa chake, na hakuna mtu anayelala chini. Matrekta yetu yalikuwa membamba, kwa hiyo shimo nalo lilipaswa kuwa jembamba, na Baba alijipima mabega kwa kamba kabla ya kuanza. Alichimba asubuhi mapema, kabla ya kazi, kidogo kidogo kwa sababu ya nyonga. Mlangoni mwa banda akatundika turubai ili kuku na mdogo wangu wasitumbukie. Udongo hakuutupa. Mama alikuwa anataka kuinua kizingiti cha nyumba, maana maji ya mvua yalikuwa yanaingia mpaka chini ya kitanda, basi udongo ukawekwa kwenye magunia ya unga na magunia yakapangwa ukutani. Mwishowe yakawa manne.

Sasa, tazama mambo hayo kwa macho ya mtoto wa miaka tisa wa Kolwezi. Baba anachimba ndani ya lupango, kiwanja tulichopanga. Ametundika turubai. Anajaza magunia. Na udongo wenyewe ulikuwa mweusi, mzito, unang'aa kidogo ukiuweka juani. Mawe yaliyokuwa yanatoka chini ya nyumba za Kasulo nayo yalikuwa meusi. Kila mtoto wa shule yetu aliyajua kama alivyojua rangi ya mkaa.

Juu ya yote hayo Baba alikuwa na furaha. Alipiga mluzi nyimbo za kanisani akiwa ndani ya shimo, kitu ambacho sikuwahi kumsikia akifanya. Na jioni moja, tukiwa tunakula, Mama alisema, "Hii shimo ikiisha, maisha itabadilika mu hii nyumba."

Alikuwa anazungumzia maji ya moto na nyonga. Mimi nilielewa viatu.

Rafiki yangu Bibiche alikuwa na viatu vipya vinavyowaka taa kisiginoni kila alipokanyaga. Alikaa Kasulo, na kaka yake Papy alikuwa mchimbaji. Kabla ya mwaka ule tulikuwa sawa, yeye na mimi, tunagawana kalamu moja. Sasa alikanyaga kwa nguvu hata mahali pasipohitaji.

"Kwenu munakulaka nini, Ngoie?" aliniuliza wakati wa mapumziko, wengine wakisikiliza. "Mafuta ya tutrekta?"

"Tunakulaka bukari, sawa nyie." Ugali ule ule wa kila nyumba.

"Bukari na bolti!"

Wakacheka. Mimi pia ningecheka kama si mimi.

"Yaya Papy anasema nyumba ingine hakuna kitu chini, njo maana benyewe banabakia vile."

"Kwetu iko," nilisema.

"Iko nini?"

"Iko kitu chini. Baba anachimba. Iko magunia ine."

"Leta tuone."

Kesho yake nilimletea bonge moja kutoka gunia la mwisho, ndani ya mfuko mdogo wa plastiki. Nilikuwa nimelifuta kwa gauni langu ili ling'ae. Bibiche alilipeleka kwa Papy. Papy alikuwa na miaka kumi na saba, na mbele ya rafiki zake hakuweza kusema hajui. Alilipima mkononi, akaliramba, akatema, akasema, "Hii njo yenyewe."

Udongo ule ulikuwa mweusi kwa sababu moja. Kwa miaka kumi na moja Baba alikuwa amemwaga mafuta machafu ya injini kwenye sakafu ya banda lile lile, na ardhi ilikuwa imeyanywa mpaka chini. Hilo nililijua. Nilikuwa nimemwona akimwaga. Lakini nilikuwa sijawahi kuunganisha mambo hayo mawili, na sidhani nilitaka kuyaunganisha.

Ilichukua siku nne hivi. Jirani ambaye hakuwa akimsalimia Mama alimletea sombe, kisamvu cha kwetu, kwenye sahani yenye kifuniko. Mwanamume asiyejulikana alisimama mbele ya lupango letu asubuhi nzima, anazungumza na simu iliyokuwa wazi kwamba haina mtu. Watoto walichungulia chini ya turubai. Baba alidhani wanapenda mashine, akawaonyesha Kaputula.

Jumapili baada ya misa alikuja Tata Monga, mwenye nyumba. Alikuwa muuza saruji wa upande wa soko, mtu mpole mwenye suti moja. Lupango alikuwa amelirithi kwa baba yake na kwetu alikuja mwisho wa mwezi tu kuchukua kodi, hapiti mlangoni. Siku hiyo alikuwa na vijana wawili nyuma yake.

"Tata Kabamba, jambo," alimwamkia Baba kwa heshima.

"Jambo tata. Karibu. Mama, leta kiti."

"Kiti hapana. Nasikia kazi iko mingi."

"Kazi iko, tunashukuru Mungu."

"Kazi ya juu ao ya chini?"

Baba akacheka. "Yote, tata. Mashine iko na juu, iko na chini."

"Mi nilikuya kuona chini."

Hakuna mtu aliyekuwa amemwomba Baba kuona fosse lake, naye alikuwa anajivunia sana. Akalivuta turubai kama mtu anayefungua duka. Akaeleza kila kitu: kwa nini shimo ni jembamba, kwa nini kuna ubao wa kukanyagia, jinsi mkono unavyofika kwenye visu bila kuinama. Kaputula alikuwa amesimama juu ya shimo, miguu wazi. Baba akashuka ndani ili aonyeshe, kikabaki kichwa chake tu na mkono ulioshika spana.

Tata Monga alikuwa anatazama kuta za shimo.

"Na hii weusi?"

"Mafuta, tata. Namwangaka mafuta hapa tangu mulinipa nyumba."

"Kabamba. Mutu hachimbake shimo juu ya kusimama tu."

"Mi nachimba. Nyonga inaniuma."

Kijana mmoja akacheka kwa pua. Tata Monga hakucheka. Alitoa mfukoni mfuko mdogo wa plastiki, akaufungua, akalishika lile bonge kwa vidole viwili.

"Na hii, ilitoka wapi?"

Baba akapanda polepole, akalichukua. Alilinusa. Akalivunja, akasugua kwenye kiganja, akakionyesha kiganja chake kilichokuwa sasa kinang'aa kwa mafuta. "Hii ni bulongo ya hapa, tata. Ya chini ya miguu yangu. Nani alikupa?"

"Mutaa muzima iko nayo."

Baba akatugeukia. Mama alikuwa bado amekishika kiti ambacho hakuna aliyekikalia. Mdogo wangu alikuwa anakula ganda la muwa. Mimi nilikitazama kiti. Nakumbuka mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa kwa waya, na kwamba niliuhesabu ule waya umezungushwa mara ngapi. Hapo ndipo ningesema. Sijui kama kungesaidia chochote. Mwenye nyumba anayetaka kuamini haambiwi na mtoto. Lakini mahali pa kusema palikuwa pale, na nilihesabu waya.

Baba mwenyewe alitoa wazo la kwenda kupima. "Iko bale banunuzi, beko na kamashine. Twende sasa hivi, tata, roho yako itulie." Vijana wakapakia magunia kwenye mkokoteni, tukawafuata sote mpaka kwenye depo moja ya kununulia mawe. Mpimaji alikuwa na kifaa kama bastola ya kuchezea. Akakielekeza kwenye gunia la kwanza, akatazama, akakigonga kwenye paja, akakielekeza tena. Kisha akainama akanusa.

"Nani alileta hii?"

"Mi," Baba akasema.

"Tata, hii inanuka garage. Muko batu ba garage?"

"Ndiyo."

"Basi mukajazie mu motere ya gari. Hapa tunanunuaka mawe."

Wote waliokuwa pale walicheka, na nilikuwa sijawahi kufurahia hivyo watu wakimcheka Baba. Niliona yamekwisha. Njiani nilitembea nikiruka madimbwi. Baba naye alikuwa ametulia, anamweleza Tata Monga kuhusu nyigu.

Tulipofika kwetu Tata Monga alisimama mlangoni, akawa anatazama ukuta ambapo magunia yalikuwa yamepangwa.

"Kabamba, we ni fundi. Mafundi muko na akili. Ilisemwa magunia ine. Leo umeleta tatu."

Akaelekeza kidole ukutani.

"Ya ine iko wapi?"

Mama ndiye aliyejibu, na kwa sauti ya upole kabisa. "Uko juu yake, tata. Umeikanyaga."

Ilikuwa kweli. Siku mbili kabla Mama alikuwa amelimwaga gunia moja mbele ya mlango na kulishindilia kwa mchi ili kuinua kizingiti. Tata Monga akatazama viatu vyake. Akarudi hatua moja, kama mtu aliyekanyaga mkeka wa watu. Kijana mmoja akapiga magoti akaanza kuchimbua kizingiti kipya kwa kidole, na nilipoona uso wa Tata Monga wakati ule nilielewa kwamba hakuna kifaa kitakachomridhisha. Kwake mambo yalikuwa wazi: magunia matatu ya kudanganyia, na moja, lile zuri, limefichwa. Alikuwa amewaona watu wa Kasulo, wasiokuwa na saruji wala suti, wakijenga ghorofa. Kwa nini iwe wao?

"Mwisho wa mwezi munirudishie nyumba yangu," alisema. Hakupaza sauti. Alituaga wote, hata mdogo wangu.

Baba hakuomba nyumba. Aliomba muda, kwa sababu ya mashine zilizokuwa wazi. Kwa asiyejua hilo ni jambo dogo. Trekta lililofunguliwa ni beseni za vipande, na vipande vinakaa kwa utaratibu ulio kichwani mwa fundi na sakafuni mwa banda lake. Ukivihamisha, bolti ya inchi inaingia kati ya bolti za milimita, shimu, kipande cha bati chembamba kama karatasi, inabaki kwenye mkunjo wa gunia, na trekta la miaka hamsini halina duka la kwenda kuuliza. Kulikuwa na matano wazi. Tata Monga alikataa, wachimbaji wake walikuwa tayari.

Kwa wiki tatu Baba alifunga mashine. Alisimama ndani ya fosse tangu kunapokucha, na lazima niseme kwamba lilifanya kazi vizuri sana. Hakuna jioni hata moja katika wiki hizo aliyohitaji maji ya moto. Mère aliwaka siku mbili kabla ya kuhama, masista wakaja kumchukua wakiimba. Kaputula alifungwa. Lile dizeli lilifungwa, likapanda kilima bila kuzimika, na wenyewe wakadhani ni jingine. Mawili hakuyawahi. Yaliondoka kwenye mabeseni, Baba akielekeza kwa kidole hiki kiende na kile, na wenye nayo wakiitikia ndiyo, ndiyo, bila kusikiliza. Hatukuyaona tena. Wala wale watu hawakurudi kwetu na kazi nyingine.

Wachimbaji waliingia siku tuliyotoka. Walianzia kwenye fosse, maana lilikuwa limekwisha kufungua njia. Nilipita mara moja nikitoka shule. Walikuwa wamefika mbali chini, wanatoa udongo wa njano usio na kitu, na Tata Monga alikuwa amesimama pembeni na mwavuli ingawa mvua ilikuwa imekatika. Baadaye walifika kwenye maji. Ukuta wa banda ukaegemea upande mmoja, ukabomolewa kabla haujaangukia mtu. Nasikia mpaka leo kuna watu kwenye avenyu ile wanaosema kwamba fundi wa tutrekta aliondoka na mali yote ndani ya gunia moja.

Chumba kipya kilikuwa upande wa pili wa soko, na mwenye nyumba alikuwa mjane aliyeitwa Mama Véro. Alimpokea Baba vizuri, akampa kivuli cha mabati nyuma ya jiko lake afanyie kazi, akaweka sharti moja.

"Kwangu shimo hapana."

"Mama, ni kashimo tu. Ka kusimama."

"Njo vile bote banasemaka. Hata ya mihogo hapana. Choo nilishachimbisha mi mwenyewe."

Baba hakubishana. Trekta la kwanza lililoletwa pale lilikuwa dogo la rangi ya chungwa, visu vimeshikana. Akatandika gunia, akaanza kushuka: mkono mmoja kwenye gurudumu, goti moja, kisha ile pumzi. Mama akatoka jikoni akasimama. Nilikuwa nimevaa sare, mfuko wa vitabu begani. Nikaweka mfuko chini, nikapita mbele yake, nikajisukuma mgongo mpaka chini ya tumbo la trekta.

"Niambie nishike wapi," nikasema.

Siku hiyo nilichelewa shule. Wiki hiyo nilichelewa mara tatu, na kabla ya Pasaka sikwenda tena. Hakuna aliyeniachisha. Mwalimu alikuja mara moja, Mama akalia kidogo, Baba akaniambia nirudi, nikasema nitarudi wiki ijayo. Nilisema napenda mashine, na haikuwa uongo. Nilikuwa nataka kujua kila kitu kilicho chini ya kila kitu. Lakini haikuwa sababu yenyewe. Kwa miaka mitano, mpaka nilipoanza kuzunguka, nilijua nyumba za watu kwa matumbo ya mashine zao: hii imekata majani ya uwanja, hii imepita kwenye mchanga, hii ilipakwa mafuta ya kupikia na mtu aliyekata tamaa.

Nilimwambia Baba mwaka wa pili. Chini ya trekta ni mahali pazuri pa kusemea, kwa sababu anayesikiliza anaona viatu vyako tu. Tulikuwa tunamwaga mafuta ya injini, mimi nimelala na beseni kifuani, nalegeza bolti ya chini. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, ananipa spana kupitia kati ya magurudumu.

"Baba."

"Mm."

"Ile bulongo ya kule. Ni mi nilipelekea Bibiche."

Mkono wake ulikuwa kati ya magurudumu, umeshika kitambaa. Haukuondoka.

"Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu ulianza kulala chini bila kutumwa."

Nikafungua kinywa nimuulize tena, na bolti ikazunguka mkononi mwangu bila mimi kukusudia.

"Funga kinywa, Ngoie," Baba akasema. "Mafuta inakuya."